Mchoro wa Uwele Kwenye Meza ya Baa

Gundi yetu ilinuka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye karakana ya kujalidi vitabu, hudhani nilikuwa mahali safi penye harufu ya karatasi mpya. Tulichemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe na kwato kwenye sufuria nyeusi nyuma ya jengo, na upepo wa Singida ukaichukua ile harufu hadi barabarani. Wapita njia walitema mate. Mama yangu alinikataza kuingia na gauni la kazi ndani ya nyumba yetu ya Mwankoko. Nililivua uani nikalitundika kwenye wigo wa minyaa. Lakini harufu ile haikuwahi kunitia kinyaa. Ilikuwa harufu ya kazi, na ukinawa kwa sabuni ilitoka. Yaliyonitia kinyaa yalikuja baadaye, na mengi hayakuwa na harufu yoyote.

Karakana ilikuwa ya ushirika mdogo ulioanzishwa zamani na watu wa kanisa, ila wateja walikuwa wa dini zote. Walileta Biblia zilizokatika mgongo, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, misahafu, juzuu za watoto wa madrasa. Tulivishona upya, tukavitengenezea jalada la boksi gumu, na juu ya boksi tukabandika kitambaa. Kitambaa hicho ndicho kilichotupa jina. Hakikuwa kitupu. Kilichorwa, kikapakwa rangi, na kwenye vitabu vya heshima kikatariziwa kwa uzi.

Aliyebuni mapambo hayo alikuwa mwanamke wa Ilongero, Mwislamu, mjane, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyetwanga sana. Nilimwita Dada ingawa alikuwa rika la mama yangu mdogo, kwa sababu mwenyewe hakupenda kuitwa mama kazini. Mimi niliingia pale baada ya kumaliza sekondari, nikiwa najua kuchora kidogo. Mwanzoni nilimsaidia kukata violezo, kisha nikaanza kubuni michoro yangu. Tukawa wachoraji wawili, wengine wakishona na kubandika.

Kiolezo tulikikata kwenye filamu za eksirei zilizotupwa na hospitali. Tuliziloweka kwenye dawa mpaka mbavu za watu zikafutika, tukabaki na plastiki ngumu ya rangi ya bluu hafifu. Dada alichora juu yake kwa msumari, tukakata kwa wembe, tukailaza juu ya kitambaa na kugongea rangi kwa sponji. Hivyo ndivyo walivyotoka heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani kwetu, wamesimama kwa mguu mmoja kwenye kona ya kitabu cha nyimbo. Hivyo ndivyo yalivyotoka maua ya alizeti, na shanga, na ule mchoro wangu wa mawe makubwa yaliyopandiana, ambao Dada aliusifu mara moja tu na sikuusahau.

Hakumchorea mtu bila kumhoji. Namkumbuka mzee mmoja aliyeleta Biblia yake imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Baba, kinakaa wapi nyumbani?" Dada akamuuliza.

"Darini."

"Mnapikia chini yake?"

"Tunapikia chini yake."

Dada akanigeukia. "Huyu tusimpe nyeupe." Akachagua kitambaa tulichokitia rangi ya kahawia kwa maganda ya mti, na alizeti akaipiga kwa manjano iliyokolea, ili moshi ukifika uikute iko tayari.

Kulikuwa na kiolezo kimoja ambacho hakikuwa cha wateja. Dada yake mkubwa alipofariki, alimwachia msahafu, naye akauvika jalada jeupe lenye masuke ya uwele yaliyoinama yote upande mmoja, kama shamba linapopigwa na upepo. Rangi ya masuke ilikuwa kijivu tupu, na uzi wa kijani kidogo kwenye mabua. Alitengeneza jalada hilo moja. Kiolezo alikitundika kwenye msumari juu ya meza yake, na mteja akikisonta alimwambia, "Huo una mwenyewe."

Kisha mambo yakafunguliwa. Redio ilisema soko huria kila siku, na siwezi kudanganya kwamba tulinuna. Sabuni ilionekana, sukari ilionekana, foleni zikaisha. Lakini merikani yetu nzuri ya kufunikia vitabu, iliyotoka kiwandani humu humu nchini, ikaanza kuja kwa kusuasua, mara nyepesi kama chandarua, mara haiji kabisa. Ushirika ukafa bila mtu kutangaza msiba. Mwenyekiti alikuja asubuhi moja akatuambia kwamba jengo, mashine na sisi tulio ndani tumepangishwa kwa mwekezaji.

Mwekezaji alitaka tumwite Mkurugenzi. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa shingo, mcheshi, mwenye kicheko cha kutoa ulimi. Siku ya kwanza aliokota kile kipande cha mfupa tulichotumia kukunjia karatasi, chombo chembamba kilicholainika kwa miaka ya mikono yetu, akakiingiza sikioni, akakizungusha, akakitazama ncha, akakifuta kwenye suruali na kukirudisha mezani juu ya kurasa za kitabu cha mtu. Aliendelea na tabia hiyo. Mara nyingine aliupitisha mfupa ule ndani ya kola na kujikuna mgongo huku akituhutubia kuhusu ushindani. Nikawa nauchemsha kila asubuhi kabla ya kuugusa. Hata ukitoka kwenye maji ya moto niliushika kwa ncha za vidole.

Alituletea belo la mitumba. Alilifungulia kwenye meza ile ile tuliyokatia vitambaa. Alikata mikanda kwa koleo, na vitu vikafumuka kama utumbo wa mnyama aliyepasuliwa: mashuka yenye mstari wa bluu, mapazia, foronya, magauni ya wagonjwa yenye kamba za kufungia nyuma. Harufu ilikuwa ya dawa, na chini ya dawa kulikuwa na jasho la watu wa mbali. Nilivuta shuka moja, vidole vikagusa mahali pagumu palipokauka. Sikutaka kujua ni nini, na nilijua. Katika foronya nilikuta plasta ya kidonda, imekunjamana, bado ina nywele.

"Kitambaa ndicho hiki sasa," Mkurugenzi akasema. "Kimeshalainika, kinabandikika vizuri."

"Tutakifua kwanza," nikasema.

"Ya nini? Rangi itafunika."

Tulifua hata hivyo, alipoondoka. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kukaelea utando. Wenzangu wawili walifua kwa kuvaa mifuko ya plastiki mikononi. Madoa mengine hayakutoka. Yalififia tu, yakabaki kama ramani. Mkurugenzi aliporudi alisema madoa tuyapigie ua.

Dada hakugusa shuka. Mkurugenzi akamfuata mezani. "Mama, mbona hufanyi kazi?"

"Mtu hashiki msahafu bila udhu," Dada akamjibu. "Ataniletea niuvike shuka alilougulia mtu nisiyemjua?"

"Hatajua."

"Ndiyo maana siwezi."

Mkurugenzi akacheka, ulimi nje. Nilifikiri atamfukuza. Badala yake alisema, "Basi tuachane na dini, mama. Dini haina wateja." Na kweli kuanzia mwezi ule vitabu vya watu vikaanza kurudishwa mlangoni. Tukawa tunatengeneza majalada ya albamu za harusi, vitabu vya wageni na menyu za hoteli. Dada alikubali kuchora kwa sababu hayo hayakuwa maandiko, na kwa sababu alikuwa na wajukuu wa kulisha. Alichora heroe na alizeti. Hakumhoji mtu tena. Hakukuwa na mtu wa kuhoji.

Wageni wakaja kutoka Dar es Salaam, mwanamume na mwanamke wenye kamera, wa duka lililouzia watalii. Siku moja kabla Mkurugenzi alituagiza tuvae kiasili. Mimi nilikuwa msichana wa sketi na viatu vya kufunga kamba. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kuvaa ngozi. Mkurugenzi alitukodishia shanga na vipande vya ngozi mahali, sijui wapi. Vilinuka mafuta yaliyochacha, na vya kwangu vilikuwa na chawa, nikajikuna shingo wiki nzima. Dada alikuja na kanga zake na ushungi wake, akakaa mezani kwake, akaanza kazi.

Mgeni wa kike aliinua jalada la heroe dirishani. Aliuliza swali zuri, na nilimpenda kwa muda mfupi kwa sababu ya swali lile. "Nani amebuni hii?"

"Hakuna aliyebuni," Mkurugenzi akamjibu haraka. "Hizi ni za kabila. Zipo tangu mababu. Hawa akina mama zinawatoka tu, hata wenyewe hawajui wanachofanya."

Dada alikuwa ameshika sponji yenye rangi ya waridi, anampaka mguu heroe yule yule, ambaye alimbuni yeye mbele ya macho yangu baada ya kwenda ziwani mara kadhaa kuwatazama. Hakuinua uso. Aliniambia kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayeomba mkasi, "Kumbe nimeshakufa. Nimekuwa kabila."

Yule mgeni wa kiume akaja kunipiga picha. Alinisogeza shanga, akanishika kidevu kwa vidole viwili na kukiinua, akakigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua papai sokoni. Alikuwa ametoka kula karanga. Chumvi yake ilibaki kwenye kidevu changu. Nilitaka kujifuta lakini aliniambia nisitikisike. Picha ile nasikia ilitundikwa dukani kwao. Sijawahi kuiona, wala sitaki.

Msimu wa mavuno Dada aliomba ruhusa akaenda Ilongero. Aliporudi, kiolezo cha uwele kilikuwa kwenye msumari wake kama alivyokiacha, lakini kwenye kingo za matundu kulikuwa na rangi nyekundu iliyokauka. Yeye hakuwahi kukipaka nyekundu. Aliwauliza wabandikaji, kila mmoja akaangalia pembeni. Mimi siku hizo nilikuwa nyumbani na malaria, sikujua lolote. Alikikwangua kwa wembe, akakirudisha mahali pake, na mambo yakanyamaza.

Baadaye nilikwenda Iramba kumwona shangazi yangu aliyekuwa anaumwa. Wakati wa kurudi niliteremka Misigiri kusubiri basi la Singida, na kwa kuwa vumbi lilikuwa jingi nikaingia kwenye baa moja ya kando ya barabara iliyouza na chakula. Nilikaa. Mezani kulikuwa na menyu, imelala ndani ya duara la bia iliyomwagika. Ilikuwa na jalada la kitambaa.

Ulikuwa uwele wa Dada. Masuke yale yale yaliyoinama upande mmoja, lakini mekundu kama midomo iliyopakwa rangi, na juu yake wameandika Karibu Mteja. Kitambaa kilikuwa shuka. Nililijua kwa mstari wake wa bluu. Mafuta yalikuwa yameshapenya yakaifanya sehemu ya chini kuwa ya kuonesha, kama karatasi ya maandazi. Nilipoifungua, kurasa ziliachana kwa sauti ya kunata. Ndani, kati ya supu na makongoro, kulikuwa na nzi aliyebanwa akakauka, na bawa lake moja limebaki upande wa pili.

Nilimwita mhudumu, msichana mdogo kuliko mimi. "Mdogo wangu, hizi mmezitoa wapi?"

"Menyu? Zililetwa na mzee mmoja wa mjini Singida. Kila meza ina yake."

Aliposema hivyo alikuwa anasafisha meza ya jirani. Waliokula pale walikuwa wameacha mifupa na matonge ya ugali juu ya meza yenyewe. Akachukua menyu ya meza ile, akaigeuza kwa ukingo, akayakokota yote kwa jalada mpaka kwenye beseni. Ute wa bamia ulibaki unaning'inia kwenye masuke. Akaipangusa kwenye aproni na kuirudisha mezani, uwele juu.

Hakuwa na kosa. Alifanya kazi kwa kifaa alichopewa. Lakini nilitoka nyuma ya baa nikatapika kando ya makreti. Niliporudi kunawa nilimwomba menyu yangu.

"Ya nini?"

"Mchoro wake ni wa dada yangu."

"Chukua," akasema. "Ziko nyingi."

Ndani ya basi niliiweka chini ya kiti, nimeifunga kwenye gazeti, na njia nzima niliifikiria kama mzoga. Niliwaza niitupe. Nilijua kwamba nikimwonesha nitamwumiza, na nisipomwonesha nitakuwa nakaa naye kila siku nikiyajua ambayo yeye hayajui. Hilo la pili sikuliweza. Siku iliyofuata nilimpa uani, mchana, tulipokuwa tunakula viazi.

Alifungua gazeti. Akaifungua menyu akaisoma kwa sauti ya chini, kitu kwa kitu, kama anavyosoma mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Supu ya utumbo. Makongoro. Nusu kuku. Bia baridi. Akaisogeza puani akanusa.

"Wanafutia mikono," akasema.

"Ndiyo, Dada." Yale ya mifupa na bamia sikumwambia, na mpaka leo hajayasikia kwangu.

Aliinuka, akapitia mezani kwake akakitoa kiolezo cha uwele msumarini, akaenda ofisini kwa Mkurugenzi, nami nikamfuata. Mkurugenzi alikuwa anakula. Alitandaza gazeti mezani, na juu yake kuku mzima wa kuchoma, mikono yake inang'aa hadi kwenye viwiko. Dada aliiweka ile menyu pembeni ya kuku.

"Nilisema mchoro huu una mwenyewe."

Mkurugenzi aliitazama bila kuacha kutafuna. "Umetangazwa, mama. Watu wa mabasi yote wanakula na kazi yako mkononi. Ulitaka nini zaidi?"

"Nataka violezo vyangu."

"Violezo ni mali ya kampuni."

Dada hakubishana. Alifungua kabati la ofisini humo humo, Mkurugenzi alimotuamuru tuvihifadhi vile vingine vyote, akavitoa, akaviweka pamoja na kile cha uwele alichokuja nacho mkononi. Akachukua mkasi mkubwa wa kitambaa uliokuwa juu ya kabati, akaanza kukata. Filamu ya eksirei ikikatwa hulia kama bati jembamba. Alikata heroe, alizeti, shanga, misalaba ya duara aliyowabunia Wakristo, nyota alizowabunia watu wake. Vipande vilianguka sakafuni. Alikata bila haraka na bila machozi, kama anayekatakata nyanya kwa ajili ya mchuzi. Sikumbuki kile cha uwele kilikatwa cha ngapi. Nilitafuta mkasi mwingine, nikakata na vya kwangu, pamoja na yale mawe.

Nilisubiri Mkurugenzi akasirike. Mtu akikasirika unajua kwamba kitu kimemfikia. Angetutukana, angeinuka akamnyang'anya mkasi, ningemchukia kwa namna ya kawaida, yakaisha. Hakuinuka. Aliendelea kula. Alivunja mfupa wa paja, akafyonza uboho, akautazama kama umebakiza, akafyonza tena. Miaka ya kazi ya mwanamke ilikuwa inaanguka karibu na viatu vyake naye anatafuta nyama kwenye shingo ya kuku. Midomo yake ilitoa sauti ya kunyonya, na mkasi nao ukaendelea, na hizo ndizo sauti mbili zilizokuwamo mle ndani.

Dada alipomaliza, Mkurugenzi alijipangusa mdomo. Alijipangusa kwa jalada la ile menyu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono wake. Sidhani hata alitaka kututukana kwa kufanya hivyo. Akasema, "Mkimaliza mfagie hapo. Nzi watajaa."

Hatukufagia. Tulichukua mikoba yetu tukatoka, na nasikia wabandikaji ndio waliofagia.

Hilo halikumzuia Mkurugenzi. Alikuwa na majalada ya zamani, akamwajiri mtu akayanakili kwa kufuatisha kwa kalamu, na heroe waliotoka pale walikuwa wanene kama mabata, mmoja nilimwona ana miguu mitatu. Waliuzwa hivyo hivyo, na huko walikouzwa waliitwa vitu vya asili. Baadaye majalada ya plastiki yakajaa madukani, akaacha biashara hiyo, akaweka mashine ya kukamua alizeti. Jengo letu likawa ghala la mashudu. Panya wake wanajulikana mtaa mzima.

Dada alirudi Ilongero akawa anatarizi vitambaa vya makochi, vile vyenye maua ambayo kila mwanamke anayafahamu. Alivitarizi vizuri, na maharusi walimfuata kutoka mbali. Nilipomtembelea nilimwuliza kwa nini hachori ya kwake.

"Haya ni ya kila mtu," akaniambia. "Hayaibiki." Kisha akanitengea uji na kuniuliza habari za wanangu.

Mimi nilifundisha ushonaji mpaka macho yalipochoka. Mkurugenzi yu hai, mzee sasa, anaheshimika. Akipita na fimbo yake watoto wanamkimbilia kumpokea mzigo. Kwa umri, ni baba yangu. Kwetu mkubwa haachwi bila salamu, hata kama umekasirika, hata kama hakuna anayetazama. Kwa hiyo kila tukikutana sokoni, neno lile linanipanda kooni kama kitu kilichooza na ninalitoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo?" Mara ya mwisho aliongeza, kwa upole kabisa, mkono begani kwangu, "Ile kazi yenu ilikuwa nzuri sana. Sijui kwa nini mliiacha."

Nilimwambia sijambo, nikautoa mkono wake begani, nikaenda kununua mboga.